Nililelewa na Metroni

Mimi nililelewa na cheo. Wenzangu walilelewa na mama, bibi au shangazi. Mimi nililelewa na Metroni, na mpaka nilipokaribia kuolewa sikuwahi kuona kwamba jambo hilo lina kasoro yoyote.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa ndiyo kwanza najifunza kusimama. Baba alikuwa amekwenda Geita kutafuta dhahabu, na naamini bado anaitafuta. Basi mdogo wake mama, ambaye alikuwa ameajiriwa kuwaangalia wasichana katika shule moja ya bweni upande wa Misungwi, alikuja msibani na begi dogo, akaondoka na begi na mimi. Shuleni alikuwa na chumba kimoja mwishoni mwa bweni, na humo ndimo nilimojifunza kutembea, kuongea na kutandika shuka bila kunyanzi. Nilimwita mayu, maana ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama. Wasichana wa bweni walinibeba kwa zamu mpaka nikadeka vibaya sana.

Nilipofaulu darasa la saba nikapangiwa shule hiyohiyo. Siku ya kuingia kidato cha kwanza, nikiwa na tranka langu jipya, alinisimamisha nje ya mlango wa chumba ambacho asubuhi hiyo nilikuwa nimeamka ndani yake.

"Kuanzia leo utalala kule kwa wenzako," akasema. "Na mimi uniite Metroni."

Nikacheka. "Sasa mayu..."

"Metroni. Humo ndani kuna watoto wameachana na mama zao leo hii. Wakikusikia wewe una mama humu humu, watalia bweni zima, na mimi sina mikono ya kuwabembeleza wote."

Sababu ilikuwa nzuri, nikaikubali. Tatizo ni kwamba hakuniambia amri hiyo ingekwisha lini. Nilimaliza shule, nikasomea ualimu pale Butimba, nikapata kazi ya kufundisha Kiingereza Buhongwa, naye akastaafu akahamia kwenye chumba cha uani kwangu, na bado nilikuwa namwita Metroni. Muuza nyanya alimwita Metroni. Mwenye nyumba alimwita Metroni, na akija kudai kodi alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

Niseme kidogo namna alivyofanya kazi yake. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti, naye aliigonga kwa chuma kila alfajiri kwa hasira, utadhani rimu ndiyo iliyomwamsha. Usiku akisikia mnong'ono gizani alisema, "Wewe, nimeshakujua." Hakuwa amemjua mtu yeyote. Lakini kila aliyekuwa na kosa alinyamaza, na wasio na kosa walianza kulitafuta. Jumamosi kulikuwa na ukaguzi wa kucha: unanyoosha mikono, anapita, anakutazama vidole kwanza, na uso baadaye kama muda ukibaki. Na pua! Msichana angefunga dagaa wa kukaanga ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kopo, kopo ndani ya tranka, na tranka akalipiga kufuli. Metroni angesimama katikati ya bweni, akavuta pumzi, akatangaza, "Humu ndani kuna dagaa ambao hawajalipa ada."

Nikiwa kidato cha pili nilishikwa na malaria akanipeleka hospitali. Niko kitandani nasikia muuguzi mmoja ananong'ona, "Metroni anakuja!" Wodi nzima ikakaa sawa, mashuka yakavutwa, mtu akafukuzwa na chungwa lake. Metroni wangu naye akajiweka sawa, akawaambia, "Asanteni, endeleeni tu na kazi." Hakujua kwamba hospitalini nako kuna metroni, mkuu wa wauguzi, na ndiye aliyekuwa anaogopwa. Mkuu huyo akaingia, mweupe kwa sare, mkanda umekaza tumbo, akauliza nani amelichomekea blanketi langu namna ile. Wakasimama wale wawili, huyu upande huu wa kitanda na yule upande ule. Mmoja akasema dirisha lifunguliwe mgonjwa apate hewa, mwingine akasema lifungwe mgonjwa asipate baridi. Dirisha likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa. Homa ilinitoka siku hiyohiyo, na mpaka leo sijui ilikuwa dawa au woga.

Sasa, ukilitaja neno hilo mjini Mwanza siku hizi, vijana hawawazi bweni wala wodi. Wanawaza harusi. Metroni wa harusi ni yule mama anayekaa ubavuni mwa bibi harusi siku nzima: anampangusa jasho, anamrekebishia shela, anamkumbusha asicheke meno yote nje kwa sababu kamera inamtazama. Kwa hiyo kamati ya harusi yetu ilipoketi Butimba na kuniuliza metroni wangu nani, mimi nilishangaa swali.

"Metroni," nikajibu.

"Ndiyo, nani?" akauliza katibu wa kamati. Katibu alikuwa wifi yangu mtarajiwa, dada mkubwa wa mchumba wangu, mama wa Kijita kutoka Mara mwenye sauti ya kuvuka ziwa bila boti.

"Metroni wangu. Mama mdogo aliyenilea."

Wifi akaweka soda chini. "Yule bibi wa uani kwako? Ameolewa?"

"Hapana."

"Metroni wa harusi sharti awe ameolewa, tena kanisani. Halafu lazima aingie ukumbini akicheza. Yule anacheza?"

Nilifikiri. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimemwona Metroni akicheza mara moja tu, siku nyoka alipoingia bafuni. Nikasema anacheza. Mwenyekiti akaona tutagombana, akasema suala hilo nilipeleke kwa Paroko.

Nilitaka awe ubavuni mwangu siku ile. Hilo tu ndilo nililolitaka katika harusi nzima. Maua, keki na rangi ya sare niliwaachia wao. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu wa Kiingereza, niliamua kushinda kesi kwa ushahidi. Nikachukua kamusi kubwa ya shule nikaenda nayo parokiani.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padri."

"Milele na milele, amina. Hiyo ni kamusi au tofali?"

Nikaketi, nikajieleza. Nikamwambia neno hili Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Niliposema Kilatini, yule mzee akavaa miwani. Alikuwa amechapwa sana seminarini kwa ajili ya lugha hiyo, na tangu atoke huko hakuna muumini aliyewahi kumuuliza chochote kuihusu.

"Mater," akasema polepole, akiionja. "Mater ni mama. Ndiko lilikotoka, na hata neno lao la ndoa limetoka humohumo, matrimonium. Halafu kuna matrona."

"Basi, Padri! Mama. Na huyu ndiye aliyenilea."

"Subiri, sijamaliza. Matrona ni mke wa mtu. Mama mwenye mji wake, aliyeolewa kwa heshima zote."

Akaivuta kamusi upande wake, akaanza kusoma akifuata kwa kidole, huku akinitafsiria mimi mwalimu wa Kiingereza. Maana ya kwanza: mwanamke aliyeolewa, mtu mzima mwenye heshima zake. Inayofuata: mwanamke anayeangalia wanafunzi bwenini. Halafu mkuu wa wauguzi. Halafu mwanamke anayelinda wafungwa wa kike.

"Hapo na pale bwenini hapana tofauti kubwa," nikasema.

Kidole kikashuka, kikasimama. Padri akasogeza uso karibu na ukurasa. "Jike la mfugo," akasoma, "linalotunzwa kwa ajili ya kuzaa." Akanitazama juu ya miwani. "Ng'ombe?"

"Sikuisoma mpaka huko, Padri."

Yule mzee ni mtoto wa wafugaji. Alicheka mpaka mpishi akaja kuangalia kuna nini, naye akaelezwa, akacheka akiwa amejishikilia mlangoni. Nikaambiwa maana hiyo ya mwisho nisimfikishie Metroni. Nilimfikishia siku hiyohiyo. Aliuliza kama anatoa maziwa mengi.

Kicheko kilipokwisha, Paroko alinirudishia kamusi na kesi yangu ikiwa imekufa. Wasimamizi wa ndoa, metroni akiwemo, akasema, ndio tutakaowakimbilia tukigombana mimi na mume wangu. "Sasa atawasuluhisha vipi mtu ambaye hajawahi kugombania shuka na mwenzake?"

"Padri, yule amegombania mashuka maisha yake yote."

Alicheka tena, lakini jibu lilibaki hapana. Nikanyanyuka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza, kwa sauti ya mtu anayewaza chakula cha mchana, "Na kiti cha mama yako atakalia nani?"

Nikamwambia kamati imemweka mke wa mjomba.

"Kwa nini asikae huyu wako?"

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba yeye ni Metroni, nikaufunga. Nilikuwa nimebeba kamusi nzito kutoka Buhongwa ili nimwombee mama yangu kazi ya kunipepea, na kile kiti nikakigawa bila hata kumfikiria. Aibu niliyoisikia ilikuwa ya kweli, nikaiona njia ya kurudi nyumbani ni ndefu.

Nilimkuta uani akiwalisha kuku. Kuku wake walikula kwa mstari. Usiniulize aliwafundisha vipi. Nikamweleza yote, Kilatini na ng'ombe wake, halafu nikamwomba akae kwenye kiti cha mama wa bibi harusi.

"Kiti hicho ni cha dada," akasema.

"Lakini hayupo."

"Ndiyo, hayupo, basi kibaki wazi. Mimi nilimshikia mtoto tu. Mtu akienda kisimani akakuachia mtoto umshikie, huyo mtoto anageuka kuwa wako?"

"Ila hakurudi kutoka kisimani, Metroni."

"Hata kama." Akamgeukia kuku mmoja aliyekuwa ameruka foleni. "Wewe, rudi nyuma." Halafu akaniambia mimi, bila kunitazama, "Harusini nitakuja. Nitasimamia chakula."

Iliniuma. Niliingia bafuni nikafungulia bomba nilie bila kusikika, akaja kugonga mlango, akasema maji hayo yana bili.

Siku ya harusi ikafika. Kanisani mambo yalikwenda vizuri. Metroni wangu wa kamati, mke wa msimamizi wa bwana harusi, alikuwa dada mchangamfu wa watu, alinipepea kwa moyo wake wote na kila baada ya muda alininong'oneza nipunguze meno. Sherehe ikafanyika mchana kwenye bustani moja kando ya ziwa. Mbele wamekaa wakwe zangu, na upande wetu amekaa mjomba, pembeni yake kiti kitupu nilichokitandikia kitenge cha marehemu mama. Wifi alikuwa amepinga, akasema kwenye video kitaonekana kama mtu amekwenda msalani asirudi. Safari hii nilikataa katakata.

Ukafika wakati wa chakula. Kwenye harusi zetu chakula kikitangazwa watu husahau walivyolelewa; wanainuka wote kwa pamoja na kinachofuata ni vita. Safari hii walipoinuka tu, kukasikika mwiko unagonga mfuniko wa sufuria. Gwa! Gwa! Gwa! Metroni alikuwa amesimama mbele ya masufuria, kajifunga kanga kiunoni juu ya gauni la sherehe.

Bustani nzima ikasimama. Nusu ya watu wale walisoma bweni, na mwili haujasahau. Mjumbe mmoja wa kamati, baba mzima mwenye kitambi chake, alinyoosha mikono yote miwili aonyeshe kucha kabla hajajishtukia.

"Watoto kwanza," akasema Metroni. "Wazee wafuate. Halafu meza moja baada ya nyingine, tena kimyakimya. Wewe mwenye tai, hujanawa, rudi."

Mwenye tai alikuwa bosi wa mume wangu. Akarudi kunawa. Mstari ukanyooka kuanzia kwenye masufuria mpaka karibu na maji, na kwa mara ya kwanza katika historia ya harusi za ukoo wetu kila mtu akapata nyama. Mimi nilikuwa nimekaa pale juu mezani kwetu nikicheka, metroni mwenye upepeo ananifinya, sikuacha.

Wifi akapita, sahani mkono mmoja, mkoba mkono mwingine. Metroni akavuta pumzi. Nilimwona kwa mbali akiinua pua, nikasema moyoni, mama wee.

"Wifi wa mwanangu," akaita, "huo mkoba una samaki."

"Una nini?" Sauti ya Wifi ikavuka ziwa. "Mimi ndiye katibu wa kamati!"

"Shikamoo, katibu. Fungua mkoba."

Metroni alikuwa mkubwa wake kwa miaka mingi sana, na ile shikamoo ndiyo iliyomwangusha. Wifi akafungua. Sato mzima wa kukaanga alikuwa amelala humo ndani, amefungwa kwa tishu za harusi yangu, kichwa nje, akitutazama. Wifi akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo kwamba ni wa mwanawe, amebaki nyumbani anaumwa, hapendi kitu kingine.

"Si ungesema?" Metroni akamtoa yule sato kwenye tishu, akamweka kwenye kopo safi lenye mfuniko, akamwongezea wa pili na ndimu. "Tishu inakunywa mafuta. Na akimaliza kula, mpe maji mengi."

Wifi akasimama pale amekumbatia kopo. Tangu siku ile hajawahi kumwita tena bibi wa uani.

Halafu ikaja keki. Mimi na mume wangu tulilishana, tukawapelekea wakwe, wakapiga vigelegele. Mshereheshaji, ambaye hakuna aliyekuwa amekumbuka kumweleza habari za kiti, akanyanyua kipaza sauti kwa furaha zake zote. "Na sasa bibi harusi atampelekea keki mama yake mpendwa aliyemlea! Mama wa bibi harusi yuko wapi? Mama, simama tukuone!"

Hakusimama mtu. Mjomba akakitazama kile kitenge, akainamisha kichwa. Muziki ukaendelea peke yake. Metroni mwenye upepeo akanisogelea sikioni, "Mpelekee mke wa mjomba, haraka."

Nilichukua sahani, nikashika gauni kwa mkono wa pili, nikashuka. Sikwenda kwa mke wa mjomba. Nilikata bustani nzima kuelekea kwenye masufuria, na yule dada wa watu nyuma yangu mbio, ameshika mkia wa shela, anauliza tunakwenda wapi. Mpiga video naye akatukimbilia, akajikwaa kwenye kreti la soda.

Metroni alikuwa ameinama anakwangua ukoko. Akaniona. "Chakula chako kiko kule juu," akasema. "Mstari huu ni wa wageni."

Nikapiga magoti kwenye majani.

"Inuka. Hilo gauni ni la kukodi."

"Mayu," nikasema.

Aliweka mwiko chini. Akageuka akatazama nyuma yake, akatazama kushoto na kulia, vilevile alivyokuwa akilitazama bweni kabla ya kuzima taa. Halafu akainama mpaka kilemba chake kikagusa shela langu.

"Polepole, ng'wanone," akaninong'oneza, yaani mwanangu. "Wenzako watasikia."

"Hawapo, mayu. Wote walishakwenda kwao."

Akafikiri kidogo. Akanishika mkono uliokuwa na keki, akazitazama kucha, zikampendeza. Ndipo akafungua mdomo nimlishe.